Kofia Moja, Vichwa Vitatu

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Aliyesimama mlangoni aingie, na mwenye neno alimeze kwanza. Hadithi ninayo, lakini mwisho wake sinao. Mwisho nitauomba kwenu.

Katika kijiji cha Ndambweni, ukingoni mwa mto unaotenga kaunti mbili, walikuwako watu watatu, na kila mmoja Mungu alikuwa amempa kitu.

Famau alipewa jicho. Aliuza bajia na viazi karai karibu na kivuko, na bajia zake alizifunga kwa magazeti ya zamani. Lakini hakufunga kitu kwa gazeti ambalo hajalisoma. Mteja angesimama mkono umenyooshwa, na Famau yuko palepale, midomo inacheza.

"Famau, bajia zinapoa!"

"Ngoja kidogo, ndugu yangu. Huyu mbunge bado hajamaliza kujibu."

"Mbunge huyo alishindwa uchaguzi mwaka juzi!"

"Ndiyo nataka kujua alishindwa kwa neno gani."

Bi Tima alipewa kumbukumbu. Alifagia zahanati ya kijiji miaka thelathini. Hakujua kusoma hata jina lake mwenyewe. Lakini ukimuuliza mtoto fulani alichanjwa lini, angekwambia kwamba siku ile mvua ilinyesha, muuguzi alivaa viatu vya kuazima, na mtoto alianza kulia kabla hajadungwa.

Kadzo alipewa ulimi, na subira ya kuutumia. Alikuwa mpishi wa shule ya sekondari, Mgiriama, Mkristo wa kanisa la pale njia panda. Mtu akimwambia jambo haliwezekani, yeye huuliza, "Haliwezekani leo, au haliwezekani na wewe?" Kisha huvuta kiti akakaa.

Na ilikuwako nyumba moja iliyowahitaji wote watatu. Ilikuwa nyumba ya Bi Zena.

Bi Zena alikuwa katika eda. Mumewe, Fundi Lali mshona kofia, aliugua siku tisa, na siku ya kumi Mwenyezi Mungu akamchukua. Mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hapaki hina, na havuki kizingiti ila kwa dharura isiyo na njia nyingine. Bi Zena hakuiona eda kuwa kifungo. Aliiona ndiyo kazi ya mwisho aliyobaki nayo ya kumfanyia mumewe, na alitaka kuifanya vizuri.

Fundi Lali alimwachia vitu viwili. Cha kwanza ni binti yao, Saumu, aliyemaliza kidato cha nne na kupata barua ya kuitwa chuo kikuu kusomea uuguzi. Karo ya chuo hawakuwa nayo. Cha pili ni kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, kila kitundu kikizungushiwa uzi wake. Fundi aliishona kofia hiyo kwa mwaka mzima, polepole, pembeni mwa kazi za watu, akiipima kichwani mwa rafiki yake Famau. Na katika mwezi wa Rajabu, mbele ya mkewe na Ustadhi Bwanaadi wa msikiti wao, aliiwekea nadhiri.

"Kofia hii siiuzi," alisema. "Mtu atakayemfungulia Saumu mlango wa chuo, nitamvisha kwa mkono wangu mwenyewe. Namwahidi Mungu."

Hakuwahi. Alipolala kwa mara ya mwisho, kofia ilikuwa imebaki upana wa kidole kimoja haijashonwa. Alimshika mkewe mkono. "Zena," akasema, "usisahau kofia."

Basi Bi Zena alikaa ndani na sindano. Alishona kila siku vitundu vichache, akimsomea marehemu, na kila alipochoma uzi alijiuliza mtu huyo ni nani, na kama atakuja.

Siku ya hamsini ya eda, Jumatano baada ya swala ya alasiri, alisikia mtu anakimbia kuja dirishani kwake. Famau hakuwa mtu wa kukimbia. Tumbo lilikuwa halimruhusu.

"Bi Zena! Salamu baadaye! Saumu yuko?"

"Nipo, ami Famau," Saumu akajibu.

"Soma hii. Soma kwa sauti, mamako asikie."

Kilikuwa kipande cha gazeti kilicholowa mafuta. Saumu akasoma: kaunti yao ilikuwa inatoa ufadhili wa masomo ya chuo kikuu kwa vijana kumi na wawili, karo yote, miaka yote. Mwombaji lazima awe mtoto wa kaunti hiyo. Mwisho wa kupokea fomu ni Ijumaa... Hapo karatasi ilikuwa imechanika.

"Ijumaa ipi?" Bi Zena akauliza.

"Ijumaa hii! Keshokutwa, saa sita mchana!" Famau alikuwa anahema. "Nusu ya pili nilikuwa nimeshamfungia Shebwana wa kivukoni bajia. Nimemfuata mpaka majini. Nimezimimina bajia zote mikononi mwake, moto hivyo hivyo. Amenitukana mimi na jiko langu. Lakini karatasi nimeipata."

Tangazo lilikuwa na umri wa siku kumi na moja. Ndambweni nzima hakuna aliyelisikia. Lingepita vivyo hivyo, limefungiwa bajia, likaishia mtoni.

Bi Zena alishika pazia la mlango. Moyo ulimwenda mbio kama wa mtu aliyekaribia kukosa kivuko. Bado siku mbili kasoro.

Alhamisi asubuhi na mapema Saumu alikwenda mjini kwenye ofisi ya kaunti, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki, na Kadzo akamsindikiza kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa. Walirudi adhuhuri. Bi Zena aliwaona usoni kabla hawajasema.

"Wamenikataa, mama," Saumu alisema. "Wanasema mimi si mtoto wa kaunti hii. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema ng'ambo."

Ilikuwa kweli. Mwaka aliozaliwa Saumu, hospitali yenye wodi ya wazazi ilikuwa moja tu, ng'ambo ya mto. Bi Zena alishikwa na uchungu wakati wa daku, katika mwezi wa kufunga, na Fundi Lali akamvusha kwa mtumbwi huku yeye mwenyewe hajala. Mtoto alizaliwa ng'ambo, akarudishwa nyumbani siku ya pili, na tangu hapo hakuwahi kulala upande ule hata usiku mmoja. Lakini cheti kiliandika mahali alipotokea, hakikuandika mahali alipolelewa.

"Basi na ng'ambo wakuchukue," Bi Zena alisema, ingawa alijua jibu.

"Ng'ambo wanataka barua ya chifu wa huko. Chifu wa huko hanijui. Huku natolewa kwa cheti, kule natolewa kwa chifu."

Kadzo akaingia. "Lakini hatujashindwa, Bi Zena. Nilimkalia yule ofisa mezani pake mpaka akachoka. Amesema, tukileta kitu cha serikali kinachoonyesha kwamba mtoto huyu amekulia huku tangu uchanga, atapokea. Kadi ya kliniki, kwa mfano."

Bi Zena alifumba macho. Kadi ya kliniki ililiwa na mafuriko, pamoja na godoro na picha ya harusi.

"Na Bi Tima je?" Saumu akauliza.

Bi Tima aliletwa. Alikaa juu ya mkeka, akanyoosha miguu, akanywa maji, akamtazama Saumu muda mrefu kama anayetafuta kitu chumbani mwake mwenyewe.

"Huyu alikuja siku ya kutoka arobaini," akasema. "Idi ilikwisha pita. Alivaa kijikofia cha babake, kikubwa, kikamfunika macho. Na wewe, Zena, ulikuwa umepakwa hina. Haijakauka. Muuguzi akakwambia, tia dole gumba hapa, wewe ukatia na kiganja. Akagomba. Akasema, umenichafulia rejista."

Bi Zena aliduwaa. Alikuwa amesahau. Sasa hina ile ilimrudia mpaka harufu.

"Rejista hiyo iko wapi, Bi Tima?"

"Mafuriko yalipokuja tulizihamisha, mimi na marehemu mwalimu wa madrasa. Ziko stoo ya madrasa, nyuma ya majamvi ya msiba. Watu wanadhani zilioza. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Walikwenda, yeye na Saumu. Walipekua mpaka jua likachwa. Bi Tima hakutazama maandishi, kwa kuwa hayakumwambia kitu. Alifungua kila rejista akitafuta rangi. Na katika ya saba, yenye jalada la kijani lililoliwa pembe na panya, akaweka kidole. "Ni huyu hapa." Lilikuwapo jina la Saumu binti Lali, wa Ndambweni, chanjo ya wiki ya sita. Na juu ya mstari huo kulikuwa na kiganja cha mwanamke, rangi ya chungwa iliyofifia, vidole vitano.

Muuguzi wa zamu alikubali rejista itoke, kwa sharti irudi siku ileile.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Kadzo alikuwa mlangoni mwa ofisi na rejista imefungwa kwa kitambaa cha jikoni. Saumu alikwenda naye. Bi Zena alibaki peke yake na kofia. Zilikuwa zimebaki safu mbili za vitundu. Alishona, akaharibu, akafumua, akashona tena.

Saa nne na robo simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Kadzo, ya kunong'ona.

"Bi Zena, usikate. Usiseme kitu. Sikiliza tu."

Kisha sauti ya mwanamume, ya mbali kidogo. Huyo alikuwa Bwana Jillo, ofisa wa ufadhili.

"Mama, rejista nimeikubali. Ni kitabu cha serikali, na muhuri ninauona. Lakini fomu inataka mzazi atie sahihi mbele ya ofisa. Mzazi yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Yuko eda."

"Basi aje haraka, atie sahihi, arudi."

"Bwana, mjane akiwa eda hatoki."

"Na wewe ni Mwislamu?"

"Mimi ni Kadzo wa Mramba, kwaya ya kina mama, safu ya pili. Lakini pilau ya hitima ya mumewe niliigeuza kwa mwiko wangu mimi. Na mama yule nimemwona anavyomkalia mumewe eda. Hatainuliwa na fomu."

Bi Zena aliposikia hivyo, aliweka kofia chini. Alimpenda Kadzo kwa maneno yale, lakini mtoto ni mtoto. Alivaa buibui. Alisimama kizingitini, mguu mmoja umeinuka, akasema moyoni, "Ya Rabi, kama hii ndiyo dharura, nisamehe. Lali, nisamehe." Simu ilikuwa bado sikioni.

"Fomu inasema mbele ya ofisa," Kadzo alikuwa anasema. "Inasema ofisini?"

"Inasema mbele ya ofisa."

"Na ofisa ni wewe, au ni hii meza?"

Watu walicheka kwenye foleni.

"Mama, usinitanie. Nina watu arobaini nje."

"Wako thelathini na mmoja. Nimekaa nao tangu saa mbili, na nimeshawaomba. Nyinyi! Nimewaomba au sikuwaomba?"

"Umetuomba!" wakaitikia.

"Mkasema nini?"

"Aende, lakini arudi kabla ya saa sita!"

Bi Zena alisikia kiti kinasukumwa nyuma.

"Mama," Bwana Jillo alisema, "nikikataa utafanya nini?"

"Nitakaa hapa. Chakula nimebeba."

Bi Zena akarudisha mguu wake ndani.

Saa tano kasoro dakika chache pikipiki ikasimama nje. Bwana Jillo aliketi barazani na mkoba wake wa mihuri, kijasho kinamtoka, na Bi Zena akakaa ndani nyuma ya pazia. Kitambulisho kikapita chini ya pazia, kikarudi. Fomu ikapita. Bi Zena alitoa mkono nje ili ofisa auone ukitia sahihi. Mkono ulikuwa mtupu, hauna pete wala rangi.

Bwana Jillo aliutazama. Kisha akaitazama rejista magotini mwake.

"Mkono uliotia alama hii," akauliza taratibu, "ndio huu?"

"Ndio huu, mwanangu," Bi Zena akajibu. "Siku ile ulikuwa na hina."

Ofisa aligonga muhuri, akapanda pikipiki, akaondoka. Saa sita ilipoingia, fomu ya Saumu ilikuwa kwenye jalada.

Miezi miwili ilipita, na orodha ikabandikwa. Saumu alikuwa wa nne kati ya kumi na wawili. Bi Zena alisujudu pale pale alipokuwa. Jioni ile alimaliza kitundu cha mwisho, akakata uzi kwa meno. Ndipo uzito wa pili ukamshukia. Mlango umefunguliwa. Nadhiri imeiva. Na kofia ni moja.

Alimtuma Saumu kwa Ustadhi Bwanaadi. Ustadhi alikuja, akakaa barazani, akafikiri.

"Nadhiri ya marehemu ni deni mbele ya Mungu, na wewe ndiye uliyebaki nalo."

"Nikishona kofia nyingine mbili je, Ustadhi?"

"Hizo zitakuwa zawadi zako, na utapata thawabu zake. Nadhiri ni hii. Marehemu alisema mtu. Hakusema watu."

"Tupige kura?"

"Fundi hakuiachia kura. Alikuachia wewe."

Maneno yakaenea kijijini, na watu wakagawanyika kama wanavyogawanyika. Famau alikuja dirishani, safari hii bila kukimbia.

"Shemeji, mimi sisemi mengi," akasema, ingawa alisema mengi. "Lile tangazo lisingeonekana, Bi Tima angekumbuka nini? Kadzo angegombana na nani? Na kofia hiyo ilipimwa kichwa hiki. Mwaka mzima nimekaa mbele ya Lali kama kinyago. Ikivaliwa na mwingine, itampwaya."

Bi Tima alikuja akakaa juu ya mkeka ule ule. "Famau alionyesha mlango," akasema. "Lakini ulikuwa umefungwa, na mtoto alikwisha fukuzwa. Aliyeufungua ni mimi. Zena, nimefagia miaka thelathini. Sijawahi kuitwa mbele ya watu nikapewa kitu. Kofia nitampa mjukuu wangu avae. Mimi nataka kuitwa tu."

Kadzo alikuwa anacheka watu walipomtajia. "Mimi na kofia? Nitaivaa nikikoroga ugali!" Lakini alikuja peke yake, akakaa, na kicheko alikiacha nje.

"Bi Zena, ukiniambia Famau aliona kwanza, nitakubali. Ukiniambia Bi Tima ni mkubwa kwangu, nitakubali. Lakini kuna wanaosema kofia ya Fundi haiwezi kwenda nyumba ya kanisa. Ikinipita kwa sababu hiyo, itaniuma. Siku ile sikuuliza mtoto ni wa dini gani."

"Lali hakusema dini," Bi Zena alijibu. "Alisema mtu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Saumu naye, siku za mwisho, alikuwa halali vizuri. "Mama," alisema akikunja nguo zake, "ukimvisha mmoja, nikirudi likizo nitawasalimu vipi wawili?"

"Na nisipomvisha hata mmoja," mamake akajibu, "nitamsalimu vipi babako?"

Hatimaye ikafika siku ya Saumu kuondoka, na kwa majaaliwa ya Mungu ndiyo siku eda ilipotimia. Bi Zena alioga, akavaa nguo nyeupe safi, akasali rakaa mbili. Nje, mbele ya baraza, kijiji kilikuwa kimekusanyika. Sanduku la Saumu lilikuwa limekwisha fungwa kwenye pikipiki. Ustadhi Bwanaadi alikuwapo. Famau alisimama kulia, kichwa wazi, amenyoa. Bi Tima aliketi katikati juu ya kigoda, mikono magotini. Kadzo alisimama kushoto, kitambaa cha jikoni begani.

Bi Zena akafungua pazia. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne na siku kumi alifika kizingitini akiwa na ruhusa ya kuvuka. Kofia ilikuwa mikononi mwake yote miwili. Safu za mwanzo zilikuwa za mkono wa Lali, sawa kama mistari ya msahafu. Safu za mwisho zilikuwa zake, na mbili kati yake zimependa kwenda upande kidogo, kwa sababu alizianza Ijumaa ile.

Akawatazama wale watatu. Nao wakamtazama. Kivukoni honi ikalia, na hakuna aliyegeuka.

Bi Zena akasema, "Bismillahi," akainua mguu.

Mguu huo, jamaa zangu, bado uko juu. Mimi siwezi kuushusha. Aliyeona ni Famau. Aliyekumbuka ni Bi Tima. Aliyekataa kuondoka ni Kadzo. Ukimtoa mmoja wao, Saumu yuko nyumbani leo. Nadhiri ni ya maiti, na maiti harudi kutufafanulia. Basi wewe uliyekaa hapo, na wewe uliyekuwa unasinzia, niambieni: kama mkono ungekuwa wako, kofia ya Fundi Lali ungemvisha nani, na wale wawili ungewaambia neno gani?